Mawe ya Mlango wa Misheni

Ijumaa iliyopita nilirudisha ofisini ufunguo wa stoo, karai mbili zilizotoboka na kofia ngumu ya plastiki ambayo sikuwahi kuivaa. Karani alinipa risiti ya ufunguo na karai. Kofia akaisukuma kunirudishia, akasema haimo kwenye orodha yake. Sasa niko nayo nyumbani Kehancha na kuku mmoja ameamua kutagia ndani yake. Ndiyo zawadi yangu ya kustaafu na siilalamikii.

Nyinyi vijana wa karakana mliniomba niwaandikie jinsi tulivyofanya kazi kabla hamjaletewa mashine ya kuchanganya. Nitaandika. Mambo ya vyeo nani alipata na nani alinyimwa waulizeni wengine, kuna watu wana kumbukumbu nzuri sana ya hayo. Mimi nilikuwa fundi wa mawe katika ofisi inayotunza majengo ya zamani, nimetengeneza kuta nyingi, na nyingi nimezisahau. Mlango mmoja sijausahau, na huo ndio nitakaoandika.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilitoka hapa Kehancha na mwiko, timazi na nyundo ndani ya gunia, baba yangu akiwa bado na hakika kwamba nitarudi msimu wa kuvuna tumbaku. Nilipangiwa misheni ya zamani iliyo juu ya kilima, ukiipita Rodi Kopany kuelekea ziwani. Jina lake siliandiki. Aliyefanya kazi pale anaijua, na asiyeijua haitamsumbua.

Hadithi ya misheni ile kila mtoto wa shule wa upande ule anaweza kukusimulia. Zamani za kodi ya nyumba, serikali ya Mwingereza ilipoanza kukamata wanaume kwa kazi ya lazima, watu wa vijiji vya jirani walikataa. Walikimbilia misheni, wakajifungia ndani. Padri alikuwa safarini. Maaskari waliizingira siku nyingi hadi maji ya tangi yakaisha, kisha wakaingia kwa mlango mkuu, na wanaume waliokuwa ndani hakutoka hata mmoja akiwa hai. Maiti zilitupwa kwenye shimo moja ambalo hadi leo hakuna anayejua liko wapi. Kwa hiyo watu wa pale wakitaja uhuru wanaanza kuuhesabu kutoka kilima kile. Vyama vya siasa vilipokuwa vingi, kila mheshimiwa alitaka kuhutubia pale, na kila mmoja alikuwa na uhakika kwamba wale marehemu wangempigia kura yeye.

Hadithi ilikuwa na kipande kimoja zaidi. Ilisemekana kwamba mlango haukuvunjwa, ulifunguliwa kutoka ndani. Bawabu wa misheni, mtu aliyeitwa Owiti, ndiye aliyeondoa komeo usiku ili aponye roho yake, na bado wakamuua pamoja na wengine. Siku yangu ya kwanza nilimwuliza mkuu wangu wa kazi, kama wote waliokuwa ndani walikufa, haya maneno ya Owiti alileta nani?

"Waliyaleta walioingia," akanijibu. "Nani mwingine alibaki na mdomo?"

Huyo alikuwa Mzee Silvano. Alikuwa Mluo wa pwani ya ziwa, karibu na Homa Bay, mfupi, mkavu, ngozi ya vidole vyake imeliwa na chokaa hadi ikawa laini kama ya mtoto. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi hii, na kama mnaona nina ukali, mjue wangu ni maji ukilinganisha na wake. Wiki ya kwanza hakuniruhusu kugusa ukuta. Nilichekecha mchanga tu. Chokaa tuliichoma wenyewe, tukaizima kwa maji ndani ya shimo, tukaiacha ikae miezi chini ya magunia yaliyolowa. Ukiichukua mapema anakurudisha nayo.

"Ukuta wa chokaa unarekebishwa kwa chokaa," alikuwa akisema. "Saruji ina nguvu kuliko haya mawe. Ukishaviunganisha, siku ya kutenganisha kitavunjika jiwe, saruji itabaki inakucheka."

Alikuwa na sharti jingine ambalo aliliheshimu kama amri ya kanisa. Jiwe lililotoka kwenye ukuta wa zamani halitupwi. Unaliandika namba kwa mkaa, unalilaza chini uso juu, na unajiuliza lilikuwa linafanya kazi gani pale lilipokuwa. Kukiwa na alama, au kutu, au mkwaruzo, unamwita yeye aje aone kabla hujafanya lolote. Nililiona jambo la kizee. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na mikono yenye nguvu, na nilidhani ufundi ni kumaliza mapema.

Mtu wa tatu pale kilimani hakuwa mfanyakazi. Alikuwa Dani Peresia. Dani ni nyanya kwa Kijaluo, na hata mimi Mkuria nilimwita hivyo kwa sababu hakujibu jina lingine. Alikuwa binti wa yule Owiti, wa pekee. Mama yake alitoka misheni akiwa amembeba mgongoni kabla maaskari hawajafunga njia, kwa hiyo hata sura ya baba yake hakuijua. Hakuolewa. Nani angepeleka ng'ombe kwa nyumba ya Owiti? Alizeekea kwenye kipande cha shamba cha mjomba wa baba yake, pale pale ilipokuwa nyumba ya Owiti, nyumba moja ya matope, kuku watatu. Kila baada ya siku mbili tatu alipanda kilima na mkebe wa nyoyo, mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja, akatugawia, kisha akakaa kwenye jiwe kando ya mlango mkuu akitutazama tukifanya kazi.

"Fundi," angeniambia, "hii ukuta bado hajasema kitu?"

"Bado, Dani."

"Piga yeye polepole. Atasema."

Nilidhani ni utani wa wazee. Silvano ndiye aliyenieleza. Kwa desturi yao, mtu akifa na mwili wake ukapotea, jamaa huzika yago badala yake. Yago ni tunda la mti wa mwegea, refu na zito kama mkono wa mtu mzima. Linafungwa kwa nguo, linaliliwa, linazikwa nyumbani kama marehemu mwenyewe, na hapo ndipo anapohesabiwa kuwa amerudi kwao. Wanaume wote waliokufa misheni walizikiwa yago na watu wao. Owiti peke yake alikataliwa. Wazee wa ukoo walisema mtu aliyefungua mlango hana kwao pa kurudi. Waliyasema kwa mama yake Peresia, na baadaye wana wao wakayasema kwa Peresia. Yeye hata hivyo alikuwa na yago chini ya kitanda. Likikauka na kupasuka, alikwenda mtoni kuchukua lingine.

Hilo ndilo alilolitaka, kumzika baba yake kabla yeye mwenyewe hajazikwa. Hakuwa na ombi lingine duniani. Nililijua hilo vizuri kabla ya kufanya nilichokifanya, na nawaomba mlikumbuke mnaposoma.

Mwaka wangu wa pili, ndugu yake Silvano alifariki visiwani, naye akaenda matangani. Matanga ya huko hayaishi kwa siku mbili. Alikuwa ameondoka siku tatu tu wakati afisa wetu alipokuja na gari, akashuka na karatasi ya ramani. Mgeni mkubwa angekuja wiki iliyofuata kuzindua mnara wa mashujaa. Mnara wenyewe haukuwapo; ulitakiwa ujengwe kwa ramani ile. Tena afisa alitaka mlango mkuu, ambao plasta yake ilikuwa imevimba na kuanguka, uwe umenyooka, kwa sababu picha zingepigwa pale.

"Mzee Silvano hayuko," nikamwambia.

"Na wewe uko wapi?" akaniuliza.

Nilifurahi, kusema kweli. Niligonga plasta yote ya miimo ya mlango, kulia na kushoto. Ilikuwa plasta ya zamani sana, ile iliyopakwa na mapadri walipolirudia jengo baada ya maafa. Chini yake kulikuwa na mawe mawili makubwa yenye tundu, moja kila upande, ambamo komeo la chuma lilikuwa likipita kuzuia mlango kwa ndani. Jiwe la kushoto lilikuwa zima. La kulia mdomo wa tundu ulikuwa umepasuliwa wote kuelekea ndani ya jengo. Kipande cha chuma, ncha ya komeo, kilikuwa bado kimekwama humo, kimepinda, na kutu yake imelowea ndani ya jiwe hadi ikawa nyekundu ya kahawia.

Nililiona hilo jiwe kwa macho yangu mawili, mchana, jua likiwa kichwani. Nililishika. Nikasema, hili limeoza, nikalitoa kwa mtaimbo. Nikayatoa na mengine manne yaliyokuwa na nyufa, nikaweka mapya, nikayaunga kwa saruji ya afisa kwa sababu chokaa ingechelewa kukauka. Kwa siku mbili mlango ukapendeza kama wa benki.

Mnara ulihitaji kifusi cha kujaza tumbo lake. Kifusi kilikuwa pale miguuni pangu. Niliyatupia mawe ya mlango humo, nikamwagia saruji juu yake, sikuandika namba, sikulaza uso juu, sikujiuliza chochote.

Kibao kililetwa siku moja kabla ya sherehe, cha shaba, kizito. Kilikuwa na majina ya marehemu, na chini yake mstari mmoja: Walizingirwa, wakasalitiwa na bawabu wao. Mimi ndiye niliyekibandika. Nilichanganya saruji karai moja kwa mchanga karai mbili, mchanganyiko wa kiburi, nikitaka kisitikisike hata mbingu zikianguka. Katika kona ya chini, kushoto kwako ukikitazama, saruji iliniishia, nikamalizia kwa mchanga karibu mtupu, nikapangusa vizuri kwa kitambaa. Afisa alipita akasema kazi safi.

Siku ya sherehe Dani Peresia alisimama nyuma ya watu. Mgeni alipoondoka na magari yake, alikuja akasimama mbele ya mnara. Hakujua kusoma. Akaniambia nimsomee. Nilimsomea majina yote, moja moja, naye akawa anaitikia kwa kichwa kwa sababu wana na wajukuu wa wale watu ni jirani zake. Nilipofika mwisho nikanyamaza.

"Na hapa chini?" akauliza. "Kuna maneno hapa chini."

"Ni tarehe, Dani."

Alikitazama kibao kidogo, akajifunga shuka yake, akateremka kilima.

Silvano alirudi wiki iliyofuata amenyoa kichwa. Aliukagua mlango kwa muda mrefu. Nilitegemea anitukane kwa ajili ya saruji, na matusi yake nilikuwa nayamudu. Aliniuliza kwa sauti ya kawaida: "Mwita, ulikuta nini chini ya plasta?"

Nikamwambia. Jiwe lenye tundu, mdomo umepasuka kuja ndani, ncha ya chuma imekwama. Nilikuwa nayasema kama mtu anayehesabu vyombo vya stoo. Katikati ya maneno yangu alikaa chini, pale pale kwenye jiwe la Dani Peresia.

"Komeo lilikuwa mahali pake," akasema.

Sikumwelewa.

"Mtu akifungua mlango anatoa komeo kwanza. Tundu linabaki zima. Hili lilipasuka kwa sababu mlango ulisukumwa kutoka nje na komeo likiwa ndani. Hakuna aliyefungua. Walivunja." Alinitazama. "Hiyo mawe iko wapi?"

Nilimwonyesha mnara.

Naona aibu kuandika yaliyofuata lakini yasipoandikwa hii barua haina maana. Silvano alisema niende kwa wazee wa ukoo niwaeleze. Nilimwambia aende yeye, ni watu wake. Akasema, "Mimi sikuona. Nikisema nimeona nitakuwa mwongo, na mambo haya yameanza kwa waongo. Aliyeona ni wewe." Nilikwenda kwanza kwa afisa, nikidhani hiyo ndiyo njia. Afisa alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza ningependa ampigie simu yule mgeni mkubwa amwambie nini hasa, kwamba amezindua uongo? Akanikumbusha kwamba mimi ni kibarua.

Basi nikanyamaza. Nilikuwa na sababu zangu, na zilikuwa sababu nzuri, woga haukosi sababu nzuri. Nilikuwa kibarua. Nilikuwa Mkuria, na miaka ile ng'ombe walikuwa wakiibwa huku na huku mpakani, maneno mabaya yakifuata, halafu mimi niende kwa Waluo niwafundishe nani katika wafu wao ni msaliti na nani si msaliti? Nilijiambia nitasubiri nipate kazi ya kudumu. Nilipoipata nikajiambia nisubiri kidogo tena.

Miaka mitatu nilikula nyoyo ya yule mama. Aliniwekea mkebeni sehemu yangu, akaniuliza kama ukuta umesema, nikajibu bado, Dani. Jaribuni kula chakula hivyo. Silvano hakuwahi kunitaja kwa mtu yeyote, wala hakunifukuza, ila aliacha kuniita jina. Alikuwa akininyooshea kifaa kimya kimya. Alipostaafu kurudi kwao ziwani aliniachia tindo yake ya chuma kizuri, akaiweka juu ya gunia langu na kuondoka bila kuniaga.

Mwaka uliofuata, mvua za masika zilipoanza, Dani Peresia aliacha kuja. Wiki ya kwanza nikasema ni matope ya njiani. Wiki ya tatu nikaenda kwake. Nyumba ilikuwa nusu giza, kuku ndani. Alikuwa amelala kwa ubavu, miguu imevimba, pumzi yake inasikika kutoka mlangoni. Mwanamke jirani aliyekuwa akimpikia uji aliniambia amekataa kupelekwa hospitali, anasema akitoka hapa atarudishwa akiwa maiti na hakuna aliye tayari.

Nilikaa kwenye kigoda. Tulizungumza habari za mvua. Nikiinama kuweka kikombe chini niliona yago chini ya kitanda. Lilikuwa bichi, la juzi tu, limefungwa tayari kwa kitambaa cheupe na kamba. Alikuwa amemtuma mtu amletee, akiwa na miguu ile, na pumzi ile.

Nilitoka nikaenda moja kwa moja kwa Jaduong' Okeyo, aliyekuwa mkubwa wa ukoo. Jaduong' ni mzee wa kuheshimiwa, na huyu alistahili. Jina la babu yake lilikuwa la tatu kwenye kibao. Nilimkuta akiwakagua ndama zizini. Nilisema yote nikiwa nimesimama, la jiwe, la chuma, la mnara na la miaka mitatu.

"Wewe ni Mkuria," akasema nilipomaliza. "Haya maneno inakusaidia nini?"

"Hainisaidii. Itaniharibia kazi."

"Na jiwe?"

"Liko."

"Basi lete."

Nilibomoa mnara Jumanne asubuhi, saa tatu, mbele ya Jaduong' Okeyo na wazee wengine wawili. Sikuomba kibali. Nilipanda na sururu, nyundo kubwa na tindo ya Silvano. Na sasa nawaambia jambo ambalo sijamwambia mtu: niliubomoa kwa nyuma. Kibao kilikuwa mbele. Nilizunguka nyuma ambako hakionekani, kwa sababu nilidhani nikifungua tundu la kiasi na kulifunika baadaye, afisa huenda asijue. Hata siku ile, baada ya yote yale, niliogopa.

Jiwe nililipata mnamo saa tano. Lilikuwa katikati, saruji imelikumbatia pande zote. Tundu lilionekana nusu tu, na nusu yenyewe imejaa saruji yangu. Wazee wakainama kutazama. Mmoja akasema haoni chochote. Ikabidi nilisafishe.

Nilifanya kazi kwa uangalifu kuliko siku nyingine yoyote ya maisha yangu. Nilipiga kidogo kidogo, nikipuliza vumbi. Saruji ya humo nayo ilikuwa moja kwa mbili, kama ya kibao. Kila nilipoigonga ilikaa, na jiwe chini yake ndilo lililolegea. Mdomo wa tundu ulidondoka kipande baada ya kipande, mle mle mkononi mwangu. Nikaacha tindo, nikajaribu kwa msumari. Jiwe likapasuka katikati kwa mlio mdogo tu na tundu likawa halipo tena. Nilibaki nimepiga magoti na vipande vya jiwe mapajani, na ncha ya chuma kilichopinda, na vumbi jekundu la kutu kwenye vidole. Nikalia. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wawili na nililia mbele ya wazee watatu nisiowajua vizuri.

Mzee mmoja alisema, kwa upole, kwamba chuma kinaweza kutoka popote.

Jaduong' Okeyo alisogea karibu. Alichuchumaa kwa shida, akachukua kipande kimoja cha jiwe, akakigeuza. Upande wa ndani ulikuwa na kutu iliyozama, si ya kupakwa. Alikikwaruza kwa ukucha. Akachukua cha pili, akafanya vile vile. Kisha akautazama mnara uliotobolewa, akanitazama mimi.

"Hii kitu wewe mwenyewe ulijenga?"

"Ndiyo, Jaduong'."

"Na leo umevunja, mchana, watu wanaona."

"Ndiyo."

Jaduong' Okeyo alivipangusa vumbi vile vipande kwa kiganja. "Baba yangu alinionyesha nyumba ya Owiti nikiwa mdogo," akasema. "Akaniambia nikipita hapo niteme mate. Nilitema. Yule mama alikuwa anapalilia, aliona." Akaviweka vile vipande viwili ndani ya mfuko wa koti. "Mwambie Peresia afungue lango kesho kutwa. Tutakuja kulia."

Nilimwita mtu wa boda boda ya baiskeli na nikamwambia akanyage. Dani Peresia alikuwa ameinuliwa, ameegemezwa kwenye gunia la mahindi. Nilipiga magoti karibu na kitanda nikamweleza jiwe lilivyovunjika na Jaduong' Okeyo alivyosema. Nilimwambia kwamba niliyaona tangu zamani na nikakaa nayo. Alinisikiliza akiwa amefumba macho. Nilipotaja kwamba watu watakuja kulia, mkono wake uliteremka pembeni ya kitanda, ukapapasa chini hadi ukagusa kile kitambaa, ukatulia hapo.

"Ber," akasema. Ni vizuri. Baadaye akafumbua macho. "Na ile tarehe?"

"Tarehe gani, Dani?"

"Ile ya chini, kwa kibao. Umeitoa?"

Nilijua wakati huo kwamba alijua tangu siku ile ile. Alikuwa amemwuliza mtoto wa shule yeyote aliyepita, au alikuwa ameusoma uso wangu tu. Miaka mitatu alinipakulia nyoyo huku anajua.

"Bado iko," nikasema.

"Basi umefanya nusu, fundi." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekagua shamba lililopaliliwa hadi katikati.

Yago lilizikwa kesho kutwa yake asubuhi, upande wa kulia wa mahali ambapo nyumba ya Owiti ilikuwa. Watu walikuja wengi kuliko nilivyotegemea, wakalia kwa sauti kama wanavyomlilia mwanamume mwenye mji wake. Dani alitolewa nje kwa kiti akawa anatazama. Nilipanga mawe ya kaburi kwa chokaa ya Silvano, ile ya mwisho iliyobaki shimoni. Dani mwenyewe alifariki kabla ya mvua kuisha. Mtu alipeleka habari ziwani, na Silvano akaja kwenye maziko, akanishika mkono na kuniita Mwita.

Afisa alikuwa ameshajua. Siku mbili baada ya kuubomoa mnara nilipewa barua ya kwenda Migori, nikawekwa Suna kupaka rangi mabweni ya ofisi, mwaka mzima, fundi wa mawe. Tundu la nyuma ya mnara lilizibwa na watu wengine. Kibao hakikuguswa. Baadaye nilirudishwa kwenye mawe na nikafanya kazi nyingine nyingi, baadhi yake nzuri, na nyinyi baadhi yenu mlikuwa pamoja nami huko. Misheni nilipita mara kadhaa katika miaka hiyo. Kila mara nilikuwa na ratiba, au na gari la watu, au nilikuwa nimekaribia kustaafu na sitaki maneno. Wanafunzi bado wanaletwa pale, wanapangwa mstari mbele ya kibao, mwalimu anawasomea majina, halafu anawasomea mstari wa chini.

Magoti yangu sasa hayapandi kile kilima. Nimesikia kwamba mwakani ofisi inawapeleka nyinyi pale kurudishia plasta ya mlango kwa chokaa. Itoeni saruji yangu mlangoni, taratibu, na mkiona jiwe lina alama liandikeni namba. Tindo ya Silvano nimempa dereva awaletee, imefungwa kwenye gazeti. Kuhusu kibao, msihangaike na juu wala kulia, huko mtavunja vifaa bure. Anzeni kona ya chini, kushoto kwenu. Huko saruji iliniishia.